Samli ya Sungura wa Serikali

Tabu binti Shomari alipotimiza wiki moja tangu ajifungue, mama yake, Bi Mwajabu, aliamka alfajiri, akakoka moto wa vifuu, akafunua chungu alichokiosha mwenyewe jana yake na kukifunika kwa kawa, akakikuta kimejaa samli. Ilikuwa samli nzuri, ya manjano, imeganda juu kidogo kwa ubaridi wa asubuhi. Akachovya kidole, akaonja. Kisha akamuuliza Tabu, aliyekuwa kitandani na kichanga chake, kama kuna mtu aliyeingia jikoni. Tabu akasema hakuna. Bi Mwajabu akachota upawa mmoja, akautia kwenye uji wa pilipili manga, akampelekea mwanawe anywe ungali moto. Mengine, alisema, yatasubiri.

Mwaka ule samli haikuwa kitu cha kukutwa chunguni. Vita vya Wazungu vilikuwa vimefika Temeke kwa njia ya foleni. Mchele ulikuwa wa mgawo, sukari ya mgawo, nguo ya mgawo. Minazi ilisimama palepale ilipopandwa, lakini mbata yake ilikuwa ya serikali, na mtu aliyekutwa akikamua mafuta nyumbani alikwenda kujieleza polisi. Samli ya kutoka bara ilishushwa stesheni ikapelekwa moja kwa moja kwa wakubwa. Na mzazi wa pwani hatoki arobaini salama bila samli, hilo halina mjadala. Mtoto wa kwanza wa Tabu alizaliwa mwaka wa kwanza wa mgawo. Maziwa ya mama yake yalikatika mapema, na mtoto akayafuata. Huyu wa pili, wa kike, alikuwa ameanza kulia kwa sauti ileile nyembamba ambayo Bi Mwajabu aliikumbuka vizuri, na baba yake, Jabiri, alikuwa amechukuliwa keya, jeshi la Waingereza, yuko vitani Bama kwenye matope, hana habari kama amepata mtoto.

Chumba cha mbele cha nyumba hiyo kilipangishwa kwa kijana wa Kihaya aitwaye Projestus, Mkristo, msafi, mwenye kaptula zilizopigwa pasi mpaka zikaweza kusimama zenyewe. Alikuwa mtumishi katika maabara ya serikali kule mjini, na kazi yake ilikuwa kulisha sungura. Sungura wale walikula vizuri kuliko mtu yeyote wa Temeke. Mkubwa wa maabara, Mzungu ambaye watu walimwita Bwana Mizani kwa kuwa hakuruhusu kitu kipite mbele yake bila kupimwa uzito, alikuwa akiwalisha samli na viini vya mayai asubuhi na jioni. Sababu ilijulikana. Wakubwa na matajiri wa mjini walikuwa wakianguka ghafla kwa ugonjwa wa moyo, wengine wakiwa bado mezani na uma mkononi, na Bwana Mizani alisema kinachowaua ni mafuta ya kwenye damu, akayaita kolesteroli. Sungura aliyeshindiliwa samli, alisema, damu yake inakuwa kama ya tajiri. Ukimpata sungura wa namna hiyo, unaweza kumtafutia dawa. Kwa hiyo, katika mwaka ambao nusu ya mji ilikuwa imesahau harufu ya kitu kinachokaangwa, serikali ilikuwa inatafuta namna ya kupunguza mafuta. Haikuwa siri, na hakuna aliyecheka.

Bi Mwajabu alikuwa mganga, na si mganga wa maneno laini. Kabla ya vita aliwahi kumtibu tajiri mmoja mwenye duka Kariakoo, mtu aliyekuwa akipanda ngazi mbili anakaa kupumzika ya tatu. Alimchemshia gome la mti uliokuwa nyuma ya uwanja wake, mti ambao jina lake alilijua yeye na mama yake na hakuna mwingine. Tajiri akakonda mpaka mkewe akaja kulalamika. Projestus aliyaona yote hayo kwa dirisha lake. Kikulacho ki nguoni mwako: kijana akaipeleka habari kwa Bwana Mizani, akitumaini kupewa nyumba ya serikali yenye sakafu ya saruji. Haikupita muda askari akaja, akamwambia Bi Mwajabu achague, kushtakiwa kwa kufanya uganga bila kibali au kukata gome. Akakata gome. Akauliza mgonjwa ni nani. Akaambiwa ni sungura. Bwana Mizani hakutaka kujua jina la mti, akaupa namba.

Hapo ndipo Bi Mwajabu alipokosea, na kosa lilikuwa lake, hakumsingizia mtu. Dawa ile ilikuwa na masharti. Mafuta hayafi, yanahama. Mganga akishachemsha gome, lazima ayaambie mafuta yakitoka yaende wapi, na huko ndiko kuagiza. Yeye siku zote aliyaagiza kwa jogoo mweusi, na jogoo akaachiwa njia panda, anayumba kwa unono, awe shauri ya mwenye tamaa atakayemwokota. Kuyaagiza kwa mtu si uganga, ni uchawi. Mama yake alimfundisha hilo huku amemshika sikio. Lakini kwa sungura hakuagiza popote. Sungura hana mtaa, hana jina, hana mama atakayekuja kuuliza, na Bi Mwajabu aliona kitakachomtoka kitapotea kama umande. Tena alikuwa na hasira. Hakuwa tayari kumalizia kazi ya watu waliomtishia nyumbani kwake. Basi mafuta yakatoka kwenye damu ya sungura, hayana agizo, yakafanya kama afanyavyo mtu aliyepotea mjini: yakaenda yalikotoka gome.

Yalikuja kila asubuhi. Yalijaa kwenye chungu, kwenye mtungi, kwenye kinu, hata kwenye kikombe cha bati cha marehemu mzee Shomari kilichotundikwa ukutani. Tabu akala. Mashavu yake yakarudi, maziwa yakashuka, na mtoto akanyonya mpaka akalala mdomo wazi. Bi Mwajabu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa mkono wa birika, aliwapelekea samli wazazi wengine wa jirani, akawaambia wafumbe midomo yao kwa maneno ambayo hayafai kurudiwa. Walifumba. Lakini harufu ya samli haina adabu, ikatoka na kutembea mtaani saa za mapishi, na watu waliokuwa wakila mhogo mkavu wakawa wanamtazama Bi Mwajabu kwa jicho baya akipita.

Siku moja akakuta unywele mweupe, mfupi, umelala juu ya samli. Akaupeleka na bakuli lake mpaka chumba cha mbele, magharibi, Projestus akiwa ndiyo kwanza amevua viatu.

"Shikamoo, mama."

Bi Mwajabu akaitikia marahaba kama mtu anayetema kokwa, akamsogezea bakuli. "Unywele huu wa nani?"

Projestus akautazama. Akasema ni wa sungura wa kizimba cha dirishani, maana ndiye peke yake mweupe. Kisha, kwa kuwa lilimkaa moyoni, akaeleza lililokuwa likimsumbua Bwana Mizani. Sungura walionyweshwa gome walikuwa wanapona, damu yao safi kabisa, na wale ambao hawakunyweshwa walikuwa wanakufa. Lakini mafuta yaliyotoka hayakuonekana. Hayakuwa kwenye mavi, hayakuwa kwenye mkojo, na sungura walipopasuliwa hayakuwa kwenye maini. Bwana Mizani alikuwa halali usingizi. Kitu chenye uzito, alisema, lazima kiwe mahali.

"Kumbe kipo," akasema Bi Mwajabu. "Na mdomo wako ukijua kukaa kimya, kitabaki hapahapa. Mwanangu ana kichanga."

"Mama, mimi nakula mkate wa serikali."

"Na unalala kwenye nyumba yangu."

Projestus akasema anakilipia chumba chake. Ilikuwa kweli, na Bi Mwajabu alimchukia zaidi kwa sababu ilikuwa kweli. Akamwambia kesho atafute pengine pa kulala. Projestus akajibu, kwa heshima zote, kwamba kesho huenda akapewa.

Bwana Mizani akaja na lori, mizani ya shaba na askari. Hakushangaa. Alipima chungu, akapima mtungi, akakomba kinu kwa kijiko na kupima kijiko, na alipomaliza kujumlisha akatabasamu, jambo ambalo Projestus hakuwahi kuliona. Hesabu ilikuwa imekubali. Ilipungua kidogo tu. Akatazama uwanjani, akatazama jikoni, kisha akamtazama Tabu aliyeketi kwenye mkeka ananyonyesha. Akayatazama mashavu yake kwa muda mrefu. Akamwambia Projestus amuulize amekuwa akila nini.

Wakashtakiwa wote wawili, Bi Mwajabu na Tabu, kwa wizi wa mali ya serikali. Mahakamani hakuna aliyeuliza samli iliwezaje kutembea kutoka mjini hadi Temeke. Swali lilikuwa ni ya nani. Mwendesha mashtaka alisema samli ilinunuliwa na serikali, ikaliwa na sungura wa serikali, na kitu alichokula mbuzi wako hakiachi kuwa chako kwa kuwa mbuzi amekimeza. Bi Mwajabu akapewa nafasi ya kusema. Akasema kuku wa jirani akija kutaga uvunguni mwako hufungwi kwa sababu ya yai. Akasema tena kwamba gome lilikuwa lake, lilichukuliwa kwa vitisho, na samli imelifuata gome kama mtoto anavyomfuata mama yake. Hakimu alisikiliza kwa makini. Akakubali kwamba hoja ina uzito, akamuuliza kama ana kibali cha gome hilo. Hakuwa nacho. Hakimu akasikitika. Dawa isiyo na kibali, alisema, sheria haiwezi kuiona, na kisichoonekana hakiwezi kuwa na mwenyewe. Mnyonge hana haki, lakini siku hiyo alinyimwa kwa sauti ya upole sana.

Ikaamriwa kwamba samli itakayotokea nyumbani mle ichukuliwe kila asubuhi na askari na kurudishwa maabara, na ikipungua Bi Mwajabu ajibu. Gome akate kila atakapotakiwa. Ama ile iliyokwisha kuliwa, kwa kuwa mlaji alijulikana na alikuwa hai, airudishe: Tabu apelekwe maabara anyweshwe gome mpaka uzito wake urudi pale unapopaswa kuwa uzito wa mwanamke mwenyeji aliyejifungua. Kilikuwepo kipimo cha jambo hilo. Hakimu akamuuliza kama ameelewa.

Tabu akasema ameelewa, ila mtoto naye alikula, kwa maziwa.

Hakimu akasema mtoto hajashtakiwa.

Basi lori likawa linakuja kumchukua. Tabu aliketi kwenye benchi kati ya vizimba, akapewa gome lililochemshwa kwenye glasi, akanywa, akapimwa, akarudishwa. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Projestus mwenyewe ndiye aliyemshikia glasi, na alihakikisha si ya moto sana. Nyumbani vyungu vikajaa samli nyingine, nyeupe kidogo kuliko ya kwanza, yenye harufu ya maziwa ya mzazi. Askari aliyekuja kuichukua, Ansbert, aliitambua harufu ile, kwa kuwa naye alikuwa na mke na watoto. Aliibeba mpaka mjini, sungura wakalishwa, wakanyweshwa gome, ikarudi Temeke, akaibeba tena. Wakati mwingine alimkuta Tabu anapandishwa kwenye lori, akambeba yeye mbele na samli yake nyuma.

Maziwa yakaanza kupungua. Mtoto akalia kwa sauti kubwa kwa siku kadhaa, kisha akaanza kulia kwa sauti nyembamba. Bi Mwajabu alikuwa akiketi jikoni anatazama chungu kilichojaa mafuta ya mwanawe, na hakuruhusiwa kuchovya hata kidole. Alimchukia Projestus, akamchukia Bwana Mizani, akamchukia hakimu na upole wake, akauchukia mti. Alipomaliza hao akajichukia mwenyewe, kwa kutoagiza siku ile ya kwanza, kwa kiburi tu.

Tabu ndiye aliyelitamka. Alikuwa amerudi kutoka mjini mchana, amejilaza kwenye mkeka, kanga imemzidi.

"Mama, ya kwangu iagize."

"Niagize wapi? Jogoo gani mie ninaye mwaka huu?"

"Kwa mtoto."

Bi Mwajabu akautupa upawa ukagonga ukuta. Akasema hiyo si dawa. Kumwagizia mtu mwili wa mtu mwenziwe ni uchawi, na huo kwao hawakuufanya hata walipokuwa na maadui wa kustahili. Alimwambia Tabu kwamba anachoomba ni mtoto amle mama yake.

"Nishaliwa, mama," akasema Tabu. "Naliwa kila siku na sungura. Mie nataka tu nichague wa kunila."

Bi Mwajabu akaokota upawa, akauosha. Ilipofika alasiri akamchukua mtoto, akaketi naye mlangoni ambapo palikuwa na mwanga, akaweka mdomo wake kwenye utosi uliokuwa ukipigapiga, akasema maneno. Hayakuwa marefu. Kisha akanawa mikono, akamrudisha mtoto kwa mama yake. Hakuswali alasiri, wala magharibi, wala isha. Aliona hana uso wa kuelekeza kibla.

Tangu hapo vyungu vikakauka. Sungura nao wengi walikuwa wamekufa, waliobaki wakaachishwa gome ili Bwana Mizani apate kumwangalia Tabu peke yake. Kila aliponyweshwa, mtoto alinenepa. Alipata kidevu cha pili. Mikono yake ikafanya mikunjo kama imefungwa uzi. Katika mtaa ambao watoto wa umri wake walikuwa na shingo za wazee, alilala katikati ya mkeka anang'aa, watu wakija kumtazama na kuondoka bila kusema mashaallah, kwa wivu.

Ansbert akapeleka habari kwamba chunguni hamna kitu. Bwana Mizani akampima Tabu, akakuta amepungua vizuri. Akaja mwenyewe Temeke kutafuta kilichopungua. Akapima vyungu vitupu. Akapima kuku wa jirani, akapima godoro la makumbi, akaamuru ukuta ukwanguliwe na vumbi lake lipimwe. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, na mkeka ulitakiwa kupimwa. Ansbert akamwinua kwa mikono miwili, akaguna kwa uzito wake, akamweka kando kwenye kanga. Mkeka ukapimwa, akarudishwa juu yake. Bi Mwajabu alisimama mlangoni hakupumua mpaka walipomaliza. Lakini mtoto hakuwa ameshtakiwa, wala maabara haikuwa na jambo lolote la kujua kuhusu watoto wa wenyeji.

Bwana Mizani akaamua kwamba katika mwili wa binadamu dawa inafanya kazi kuliko katika sungura, kwa kuwa inayazima mafuta yasionekane tena popote. Alifurahi sana. Kwa jambo kubwa kama hilo Tabu mmoja hakutosha. Walitakiwa wanawake wengine, waliojifungua karibuni kama yeye, na kila atakayekuja angepewa chai na kipande cha mkate. Projestus, ambaye sasa alikuwa na nyumba ya serikali yenye sakafu ya saruji, akatumwa kulitangaza Temeke, kwenye foleni ya mchele.

Wanawake walimsikiliza. Hawakuuliza habari za chai. Walikuwa wamemwona mtoto wa Tabu. Walifika kwa Bi Mwajabu kabla hawajafika kwenye lori, wamefunga watoto mgongoni, wakaketi uwanjani bila kukaribishwa. Aliwatukana. Aliwauliza kama wanakijua wanachokitaka, na kama waume zao wanakijua, akawaita wendawazimu na mizoga inayotembea. Wakangoja amalize. Miongoni mwao alikuwemo Demetria, mke wa karani wa reli, mtu wa bara, na msalaba shingoni. Huyo aliuliza kitu kimoja tu, kama dawa inakubali kwa mtoto aliyebatizwa. Bi Mwajabu akasema mafuta hayana dini. Demetria akamfungua mtoto mgongoni, akampa. Wengine nao wakafanya hivyo. Bi Mwajabu akawaagizia wote, mmoja baada ya mwingine, utosi kwa utosi, huku akiwalaani mama zao.

Ndivyo ilivyokuwa Temeke mwaka ule. Watoto walikuwa wanene na mama zao walikuwa wepesi. Upepo wa kusi ulipovuma, wanawake waliokwenda maabara walitembea wameshikana mikono, na aliyekuwa amebeba mtoto aliwekwa pembeni ili wenzake wamshike. Mti wa nyuma ya uwanja ulivuliwa gome mpaka kimo cha mtu. Bwana Mizani aliandika habari zake akazipeleka Ulaya, na inasemekana wakubwa fulani walikunywa gome hilo wakaishi miaka mingi. Mafuta yao yaliagizwa wapi, hakuna aliyepata kujua, kwa kuwa gome lilikwenda bila mwagizaji.

Tabu akafikia kile kipimo cha hakimu, akaambiwa deni lake limekwisha, asije tena. Alikaa nyumbani. Vita havikwisha, mgawo haukwisha, na mwili mwingine hakuupata, maana alirudia mhogo mkavu kama watu wote. Maziwa hayakushuka. Mtoto akaanza kupungua, kwanza mashavu, kisha ile mikunjo ya mikono ikafunguka mmoja mmoja. Halafu akalia kwa sauti nyembamba.

Lori lilipopiga honi asubuhi iliyofuata, Tabu alikuwa amekwisha kujifunga kanga. Mama yake akasimama mlangoni.

"Hukumu yako imekwisha."

"Najua, mama."

"Hebu jitazame. Watakupunguza nini?"

Tabu akasema bado anacho kidogo, mgongoni na kwenye nyayo. Alisema hivyo kama mtu anayesema bado ana unga wa siku moja. Bi Mwajabu akamwambia hatatoka, kwamba mji huu umeshakula vya kutosha kwenye nyumba hii, na kwamba mtoto hupatikana mwingine lakini yeye Tabu hana mwingine. Hakuwahi kumwambia mwanawe maneno mengi namna hiyo bila kumtukana. Tabu akasubiri amalize. Kisha akamweka mtoto mikononi mwa mama yake, na Bi Mwajabu, akiwa na mikono miwili tu, hakuwa tena na mkono wa kumzuia.

Projestus alimwinua Tabu kwenye lori kwa mkono mmoja. Akamwamkia Bi Mwajabu kutoka juu, shikamoo mama, na Bi Mwajabu aliyelelewa vizuri akaitikia. Wanawake wakasogeana wakampa nafasi. Lori likaondoka.

Bi Mwajabu akaketi barazani, akampakata mtoto. Alikuwa mwepesi, anahangaika, anatafuta kwa mdomo kwenye kanga ya bibi yake palipokauka miaka mingi. Bi Mwajabu hakumwimbia. Jua likapanda mpaka kivuli cha paa kikarudi karibu na ukuta, na hapo akahisi pajani kitu kama mkono unaobonyeza polepole. Mtoto akatulia. Shavu likajaa, kisha la pili. Basi Tabu alikuwa amekunywa glasi ya kwanza.

Akamwambia mtoto basi, inatosha. Mtoto alikuwa amelala, ametabasamu kidogo, anazidi kuwa mzito. Bi Mwajabu akarudia, inatosha, akaiweka midomo kwenye utosi kutafuta maneno ya kurudisha agizo, na hakuyapata, kwa kuwa mama yake hakumfundisha; kwao hakuna aliyewahi kuyahitaji. Uzito ukashuka mpaka gotini. Adhuhuri ilipoadhiniwa mguu wake ulikuwa umekufa ganzi, akamhamishia mtoto paja la pili.